Aliyeonja kwa Midomo

Mnaukumbuka ule utaratibu wa wazee wetu? Mtu akikukaribisha togwa, hakupi kibuyu hivi hivi. Anapiga funda moja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Wanaita kutoa shaka. Sasa nisikilizeni.

Kulikuwa na jumbe mmoja, watu walimpenda, na alikuwa na mdogo wake aliyekitamani kile kiti mpaka akakonda. Siku moja mdogo mtu akamletea kaka yake togwa. Akainua kibuyu, akalowesha midomo, koo halikucheza. "Karibu, kaka." Kaka angeshuku nini, na shaka imeshatolewa? Akanywa. Jua halijazama, nyumba ile ikawa na msiba. Arobaini haijafika, mdogo mtu amekalia kiti.

Mnadhani alistarehe? Thubutu! Mkewe akileta uji, anaonja kwanza kama ilivyo desturi. Bwana anamkazia macho shingoni.

"Meza."

"Nimemeza, baba watoto."

"Fungua mdomo."

Mama wa watu anafungua mdomo, machozi yanamlengalenga. Na bado bwana anausukuma uji kando! Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyejua kuonja kunavyoghushiwa. Akawa anajichomea mihogo mwenyewe, anachota maji mwenyewe, jumbe mzima na ndoo kichwani. Nguo zikampwaya. Mimi namhurumia, nisiwafiche.

Mwisho homa ikamwangusha. Mganga wa zahanati akamletea vidonge. "Ni malaria tu, mzee. Ukimeza hivi vyote, wiki haiishi uko shambani." Mkewe akawa anampa kwa mkono wake, asubuhi na jioni.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Siku ya nne akakata roho. Mganga akabaki kushika kichwa, maana dawa ilikuwa nzuri na mgonjwa aliwahiwa. Basi wakaja wanaume kumwosha. Walipomwinua, mto ukasogea. Chini yake vidonge vyote, vimeganda na mate.

Mmeona? Alijifanya amemeza sumu, akamuua kaka yake. Akajifanya amemeza dawa, akajiua mwenyewe. Koo lile lile!

Msimcheke, ndugu zangu. Sisi si majumbe, lakini wewe mwenyekiti wa kikundi, wewe mzee wa kanisa, wewe uliyempaka mwenzako matope ukapata nafasi yake, mbona wawili wakinong'ona unashtuka? Mbona msaidizi wako akikuamkia vizuri unajiuliza anataka nini? Tukiingia kwa mlango wa hila, kila mgeni tunamwona anakuja kwa mlango huo huo. Hata mke. Hata mganga. Hata Mungu mwenyewe akitunyooshea mkono, tunatazama kwanza kama ameficha kitu.

Leo neno la toba limewekwa mdomoni mwako, na nimekusikia ukiitikia "Amina". Nakuuliza mbele ya watu wote: umemeza?