Mvua Haisomi Daftari

“Mvua haisomi daftari.” Mmemsikia Ambakisye akimtupia mwenzake maneno hayo, mkacheka, sasa mnaniuliza yametoka wapi. Haya, tulieni basi, na wewe wa nyuma acha kutafuna. Methali hii ilianza hivi.

Huko Tukuyu, ambako mvua haijui kupiga hodi, alikuwako msichana wa kidato cha tatu aitwaye Tusekile. Kazi mradi yake ilikuwa kufunga gata la bati kwenye paa la jiko la shule, maji ya paa yaingie tangini. Ripoti alama hamsini, kazi yenyewe hamsini. Lakini Tusekile hakuwaza alama tu. Fundi Mwakalobo alikuwa ameahidi kumchukua mwanafunzi mmoja, mmoja tu, akajifunze kazi kwenye karakana yake wakati wa likizo. Tusekile aliitaka nafasi ile kuliko chakula.

Ripoti akaiandika, jamani! Kurasa ishirini, michoro ya rula, mteremko umepigiwa hesabu mpaka sentimita. Mwalimu Lugano akampa arobaini na nane. Kisha Tusekile akafunga gata akifuata ukingo wa paa, akashuka kifua mbele.

Mvua ikaja saa nne asubuhi. Maji yakakimbia vizuri kabisa, ila yakakimbilia upande usio na tangi, yakamwagikia kuni za Bi Subilaga, mpishi wa shule.

“We Tuse! Kuni zangu! Watoto mia nne watakula nini leo, gata?”

Tusekile akaja mbio, ripoti mkononi. “Mama, mbona humu mteremko uko sawa? Hebu tazama!”

Bi Subilaga hata hakutazama. “Mvua haisomi daftari, mwanangu.”

Wanafunzi wakaangua kicheko. Aibu ikamchoma Tusekile, machozi yakamlengalenga. Mwalimu Lugano akamwonea huruma.

“Kwa ripoti hii, hata nikikupa alama chache za kazi, umefaulu. Iache.”

“Siachi, mwalimu. Naomba ngazi.”

Akapanda na mpira wa maji, ule ambao mafundi hupimia usawa. Kumbe jiko lilikuwa limezama upande mmoja! Ukingo wa paa ulimdanganya, naye hakuwa ameupima. Aling’oa vishikizo vyote kumi na vinne vya gata, akavifunga upya kimoja kimoja. Kazi ilimla siku mbili, na bati likamkata vidole. Alipomaliza akaongeza ukurasa wa ishirini na moja, akauandika juu: “Nilipokosea.”

Ijumaa Fundi Mwakalobo alifika, na mvua ikafika naye. Alisimama kwenye tope, akisikiliza maji yakiingia tangini. Kisha akaomba ripoti, akasoma ukurasa wa mwisho tu, akavitazama vile vidole vya Tusekile.

“Likizo ikianza, Jumatatu saa moja uwe karakana,” akasema. “Na uje na glavu.”

Basi nanyi mkitoka hapa na vyeti vyenu vinavyong’aa, jueni kuna siku wingu litatanda juu ya kazi ya mikono yenu. Siku hiyo hamtaulizwa mlipata ngapi. Mvua haisomi daftari.