Mume Hanyimwi

Sogeeni karibu, anayesinzia, ngano itampita.

Mwanakheri aliolewa na zimwi lililojigeuza mtu. "Mume hanyimwi," kungwi alimfunza, na kungwi mwenyewe hana mume.

Zimwi likampa mkufu, likaomba weusi wa nywele zake, akatoa. Likampa bangili, likaomba meno yake, akatoa. Likampa kitanda, likaomba unyoofu wa mgongo wake, masikini, akatoa.

Kisha likamchoka, likamwacha. "Toka! Na vyangu uviache."

"Na vyangu je, mume wangu?"

Zimwi likacheua. "Vyako nimeshavila, mama wee."

Mwanakheri akajikongoja hadi kwao, akapiga hodi. Mama yake akafungua, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Unamtafuta nani?"

Mwanakheri akamwitikia mamake mzazi: "Marahaba."

Ngano yangu imekomea mlangoni hapo.