Mikono Iliyomimina

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyeugua muda mrefu, kisha akapona. Mtu huyo aliitwa Asajile, mkulima wa viazi katika milima ya Rungwe, na mkewe aliitwa Tusekile. Ugonjwa ulipoondoka, uliondoka na ladha ya mdomoni mwake. Chumvi na sukari vikawa kitu kimoja kwake. Mikono yake nayo ilibaki ikitetemeka, hata kikombe cha chai ilibidi akishike kwa mikono yote miwili.

Watoto wao, pamoja na majirani na waumini wenzao, wakakaa wakashauriana. Wakasema, mama huyu Mungu ametuachia, basi aende pwani na mumewe wakapumzike, wakaone bahari ambayo hawajaiona. Wakawaambia wachague wenyewe mahali.

Asajile alifurahi, lakini furaha ikageuka mzigo. Zawadi kama hiyo haiji mara mbili. Akichagua vibaya, je? Ndipo akasikia kwamba wenyeji wa sehemu mbalimbali za pwani wamekuja Mbeya, wamepanga meza ukumbini, na kila meza inaonjesha kokteli ya kwao, yaani kinywaji cha kuchanganya, ili watu wachague pa kwenda kupumzika. Akasema moyoni, ulimi wangu hautanidanganya. Penye kinywaji kitamu ndipo penye maisha matamu. Akamchukua mkewe wakaenda.

Meza ya kwanza ilikuwa na kinywaji chekundu, barafu juu, ua limechomekwa ukingoni mwa glasi. Asajile akanywa, akafumba macho. Meza ya pili walichanganya pombe. Akanusa, akakumbuka kwamba yeye ni mzee wa kanisa, akapita. Meza ya tatu walikuwa na nanasi na tui zito la nazi, na hapo akarudia glasi, kisha akarudia tena. Kila alipoonja alimweleza mkewe, hiki kina ukali kidogo, hiki kinateleza. Tusekile alipokea glasi, akanywa kidogo, akasema asante, akairudisha. Watu walikuwa wengi na wamiminaji walikuwa na haraka. Kinywaji kilimwagika vidoleni mwake mara mbili, na hakuna aliyeona.

Meza ya mwisho haikuwa na pambo lolote. Yalikuwa madafu, yamekamuliwa ndimu na kutiwa tangawizi. Asajile akaonja, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba haya ni maji tu, kisha akarudi kwenye nanasi. Aliyekuwa akimimina hapo ni mwanamke wa makamo aitwaye Somoe, kutoka kijiji kimoja kusini mwa Kilwa. Aliiona glasi inatetemeka mkononi mwa Tusekile. Akaacha jagi, akazunguka meza, akavuta kiti.

"Shikamoo, mama. Kaa kwanza, kinywaji hakikimbii."

Akaweka kiganja chake chini ya glasi, wakaishika pamoja. Tusekile akamweleza kwamba alikuwa anaumwa, sasa amepona, ila hasikii ladha ya kitu chochote.

"Basi utasikia ubaridi wake," alisema Somoe, akacheka, na Tusekile naye akacheka. Akanywa polepole mpaka glasi ikaisha. Watu waliokuwa nyuma yao walisubiri.

Asajile akarudi uso unang'aa. "Mama Lusajo, tumepata! Ni kule kwa nanasi."

Tusekile akamtazama. "Baba Lusajo, wewe umeonja vinywaji. Mimi nimeitazama mikono iliyomimina. Twende alikotoka huyu."

Asajile hakupendezwa. Lakini aliyepona ni Tusekile, na zawadi ilikuwa yake, kwa hiyo wakaenda kijijini kwa Somoe.

Mvua ikawakuta huko. Bahari ilikuwa ya kijivu, chumba chao kilikuwa kidogo, na chakula kilikuwa kilekile kila siku, wali na samaki. Asajile alikumbuka nanasi, akanung'unika peke yake. Ila kila kulipopambazuka, Somoe alibisha hodi akiwa na dada yake. Walimshika Tusekile, mmoja huku na mwingine kule, wakashuka naye taratibu mpaka majini.

Asubuhi moja mvua ilikatika. Asajile akatoka, akamwona mkewe amesimama baharini, maji yamefika magotini, anacheka kwa sauti kama alivyocheka walipokuwa wachumba. Wale wanawake wawili walikuwa wamemshika viwiko ili wimbi lisimwangushe. Asajile akakaa mchangani akalia. Mikono mingine ikamjia akilini. Alimkumbuka muuguzi aliyekuwa akimgeuza Tusekile kitandani. Alimkumbuka mkwe wao wa kike aliyekuwa akimwogesha. Alimkumbuka jirani yao, Mama Ambwene, aliyekuwa akitua mzigo wa kuni mlangoni na kuondoka bila kubisha, na kuleta ugali na maharage jioni ambazo hakuna aliyepika. Asajile alikuwa amekula chakula hicho siku nyingi, na alichokumbuka kukihusu ni kwamba maharage yalikuwa na chumvi kidogo.

Akasimama, akaingia baharini na viatu vyake, akamwambia Somoe, "Asante, dada yangu."

Waliporudi Rungwe, hakungoja mizigo ishushwe. Alikwenda kwa Mama Ambwene, akamkuta anapalilia. Yule mama alishtuka kumwona, akauliza kama Tusekile amezidiwa.

"Tusekile hajambo," alisema Asajile. "Nimekuja kushukuru tu."

Mama Ambwene akaweka jembe chini, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Kutoka hapo Asajile alikwenda kwa mkwe wake, na kutoka kwa mkwe wake akaenda hospitali kumtafuta yule muuguzi. Jua lilizama akiwa bado njiani, naye alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua.

Ndugu zangu, mmekunywa vingi tangu mzaliwe, na mnajua kipi kilikuwa kitamu na kipi kilikuwa kichungu. Je, waliowamiminia mnawajua?