Bi Rukia na Birika la Uani

Zamani sana, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango, na milango yenye funguo, aliishi digidigi mmoja aliyeitwa Bi Rukia. Digidigi mnamjua: mdogo kuliko paa wote, miguu kama njiti, pua ndefu isiyotulia. Na digidigi akioa ameoa. Hawana mke wa pili wala mume wa pili. Hutembea wawili, hula wawili, hulala mgongo kwa mgongo.

Mume wa Bi Rukia, Bwana Hamadi, alikufa wakati wa masika. Matanga yakaanuliwa, waombolezaji wakakunja mikeka wakaenda zao, nyumba ikanyamaza. Siku ya kwanza Bi Rukia alipika chakula cha wawili kwa mazoea. Siku ya pili vilevile. Siku ya arobaini alikuwa bado anapika cha wawili, anakula cha mmoja, na kinachobaki anakitazama.

Kilichomtesa zaidi ni mgongo. Ulikuwa na baridi hata jua likiwaka. Magoti nayo yakaanza kuuma. Asubuhi moja, akiwa sokoni, akasimama mbele ya ubao wa matangazo. Palikuwa na matangazo ya nyumba tatu za mapumziko huko shamba, na yote yalisema kitu kimoja: hewa safi, utulivu, na birika la maji ya moto la kuogea uani.

"Siku tatu tu," alijiambia. "Nikakae ndani ya maji ya moto mpaka mgongo huu usahau."

Kesho yake alfajiri akatia kanga moja na mswaki mkobani, akajifunga kitambaa kichwani, akafunga mlango. Hakumuaga mtu. Angemuaga nani? Hakuna aliyemuuliza jana alishindaje, ndio wamuulize leo anakwenda wapi?

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Ngiri, ng'ambo ya kijito. Nyumba ya kupendeza, ua umefagiliwa, birika la mawe linafuka mvuke. Ndani ya birika kulikuwa na wajomba, mashangazi na watoto wa kingiri, wanacheka na kurushiana maji, chubwi, chubwi, chubwi.

"Karibu, bibi," alisema Mama Ngiri. "Mko wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja na nani?"

"Mimi peke yangu."

Mama Ngiri alichungulia nyuma ya mgeni wake, kama kwamba kuna mtu amebaki nyuma kidogo njiani. "Unaona, bibi, nyumba hii ni ya familia. Ina vyumba sita. Mtu mmoja atapotea humo."

Hakusema kwa ubaya, na hicho ndicho kilichouma.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Bwana Kiboko. Birika lake lilikuwa pana kama uwanja wa ngoma. Bi Rukia akachovya mguu, akachovya wote mpaka begani, asiguse chini.

"Humu wageni huingia wawili wawili," alieleza Bwana Kiboko. "Mmoja akizama, mwenzake anamvuta. Wewe ukizama nani atakuvuta?"

Bi Rukia akautoa mguu majini. Akashukuru, akashika njia.

Nyumba ya tatu ilikuwa nyuma ya kilima, imezungushiwa ua mrefu wa miba, na lango la mbao lenye kufuli. Mwenyewe alikuwa Fisi. Siku nyingine Bi Rukia angegeuza njia mara moja. Lakini jua lilikuwa kichwani, miguu imechoka, na Fisi alikuwa tayari ameshampokea mkoba.

"Karibu sana, mama. Mko wangapi?"

"Mmoja," alisema Bi Rukia, akaanza kugeuka.

"Vizuri kabisa. Sisi tunapenda mgeni mmoja mmoja. Na nyumbani umemwacha nani?"

"Hakuna mtu."

"Watoto?"

"Hatukujaliwa."

"Lo, pole. Majirani je, wanajua uko huku?"

"Sikumwambia mtu."

"Pole sana, mama," alisema Fisi, akameza mate.

Wanangu, tangu masika hakuna aliyekuwa amemuuliza Bi Rukia maswali manne kwa mfululizo. Machozi yalimlenga. Moyoni akasema, huyu watu wanamsingizia. Huyu ana huruma. Akaingia. Nyuma yake lango likafungwa, kufuli likalia katu, na Fisi akauvaa ufunguo shingoni kwa kamba.

Uani alikuwapo mke wa Fisi, jina lake Chausiku, anachochea kuni chini ya birika. Birika lenyewe lilikuwa la chuma, jeusi kwa masizi, lina masikio mawili ya kulishikia. Kando yake kifuniko kimeegemezwa ukutani.

"Maji ndiyo kwanza yanaanza kupata moto," alisema Chausiku. "Vua kitambaa, mwanangu, jisikie nyumbani."

Bi Rukia akatafuta pa kutundika kitambaa chake. Ukutani palikuwa na kigingi cheusi, laini, chenye mapete. Akakishika. Halafu akakiachia taratibu. Hakikuwa kigingi. Kilikuwa pembe, pembe ya paa.

Akayatazama maji. Vitunguu vilikuwa vikielea, na vipande vya tangawizi, na ndimu zilizokatwa kati.

"Hivi ni vya nini, mama?"

"Dawa ya ngozi," alijibu Chausiku bila kuinua kichwa.

Bi Rukia akachovya ncha ya kwato, akalamba. Chumvi ilikuwa imekolea, chumvi ya mchuzi. Penye jamvi, kivulini, palikuwa pameandaliwa sahani. Akazihesabu. Mbili. Na wao pale walikuwa watatu.

Moyo ukaanza kumpiga, dik, dik, dik. Ua ni wa miba, lango lina kufuli, ufunguo uko shingoni mwa Fisi. Akipiga kelele, nani atasikia? Asiporudi nyumbani, nani atasema hajarudi? Ndipo alipoyaelewa yale maswali manne. Fisi hakuwa akimpa pole. Alikuwa akipima hatari.

Bi Rukia akavuta pumzi. Akajisemea: kama kilichomfurahisha ni mimi kuwa peke yangu, basi na nisiwe peke yangu.

"Birika zuri," alisema kwa sauti ya mtu anayenunua. "Ila sijui kama litatuenea."

"Litawaenea nani?" aliuliza Chausiku.

"Mimi na dada zangu."

Fisi aligeuka. "Ulisema uko mmoja."

"Niliona haya, bwana. Tuko saba. Tangazo halikusema birika linachukua wangapi, ndio nikatangulia kulitazama. Wenzangu wamekaa kijitoni wananingoja niwaite."

"Saba," alisema Fisi taratibu, kama mtu anayeonja.

"Wamekaaje kijitoni na jua hili?" aliuliza Chausiku, ambaye hakuwa mwepesi wa kudanganyika.

"Kutembea hawawezi sana, mama. Ni wanene. Mkubwa wetu, Mwanahawa, akikaa kitini kiti kinalalamika. Huyo ndiye aliyetulea. Anayemfuata ni Time, ana mapaja kama mitungi. Akicheka, mwili mzima unacheka naye. Halafu mapacha, ambao hawajapata kulala vyumba mbalimbali. Halafu Sikujua, mpishi. Na kitinda mimba, Mwanaidi, anayenifuata kila niendako."

Alianza kuwataja kwa hila. Lakini kadiri alivyowataja ndivyo alivyowaona. Alimwona Mwanahawa akipakua wali na kumgombeza Time. Aliwaona mapacha wamelaliana. Mama yake alizaa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa yeye. Sauti ikamtetemeka, na Chausiku alipousikia mtetemo ule akaamini, maana mapenzi hayo yalikuwa ya kweli, isipokuwa ndugu wenyewe hawakupata kuzaliwa.

"Waite basi," alisema Fisi.

"Nitawaita. Ila Mwanahawa ni mgumu. Akifika akakuta hatuenei, atatugeuza sote saba, turudi tulikotoka. Nimpe jibu la hakika." Akawapima wenye nyumba kwa macho. "Ninyi wawili mkiingia, ni sawasawa na sisi saba. Ingieni kidogo nipime. Maji bado ni ya uvuguvugu."

"Tuingie sisi?" alisema Chausiku. "Humo?"

Fisi akamwinamia sikioni. Alidhani ananong'ona. "Saba, mke wangu. Tutakausha nyama mpaka vuli."

Chausiku akafikiri kidogo, akakaza kanga kiunoni.

"Na huo ufunguo, bwana," alisema Bi Rukia. "Kamba ikilowa itakukaba."

Fisi akauvua, akautundika kwenye ile pembe. Akaingia, chubwi. Mkewe naye, chubwi. Maji yakapanda mpaka ukingoni.

Basi Fisi, tangu azaliwe, hakuwahi kuoga maji ya moto. Mgongo wake, mnaujua ulivyoinama, ulikuwa ukimuuma miaka yote. Akakaa, akajiegemeza, macho yakaanza kufumba.

"Mke wangu," alisema, "kumbe ndivyo wageni wanavyojisikia."

"Nyamaza wewe," alisema Chausiku.

Bi Rukia akasukuma kuni moja ndani.

"Ongeza kidogo," alisema Fisi, macho yamefumba. "Hapo kiunoni panalegea vizuri."

Akaongeza. Akaongeza na nyingine, ile kubwa, yenye utomvu.

"Sasa zamisheni vichwa, nione maji yanafika wapi," alisema. "Mkaze pumzi. Nitataja majina ya dada zangu mpaka niyamalize, ndipo mtoke."

Wakazama. Vitunguu vikazunguka juu yao.

"Mwanahawa," alisema Bi Rukia, akautwaa ufunguo. "Time," akawa langoni. "Mapacha," kufuli likalia katu. "Sikujua," akawa nje, akalifunga tena. Jina la mwisho alilitaja kwa sauti ndogo, amesimama juani upande wa pili wa miba.

Fisi akatoa kichwa, tangawizi i masikioni. "Mgeni? Tumeenea?"

"Mmeenea barabara," alijibu Bi Rukia kutoka nje. "Maji na viungo vyote vimewafaa ninyi."

Wakati huo ile kuni yenye utomvu ilikuwa imeshika. Fisi aliweka mikono ukingoni ili atoke, chuma kikamwunguza, akarudi majini. Chausiku akamkanyaga mumewe ajaribu yeye, akateleza, wote wawili wakazama tena, wakainuka na mayowe, kwiii, kwiii. Hatimaye birika lilipinduka, likawamwaga uani, manyoya yamenyonyoka mgongoni, wananukia mchuzi wao wenyewe. Na lango lilikuwa limefungwa. Walishinda siku mbili wakichimba chini ya miba ili watoke kwao.

Bi Rukia alikuwa ameshakwenda. Alikimbia mpaka kijitoni, akautupa ufunguo majini, akasimama kuhema. Halafu akafanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitegemea. Akatazama kulia na kushoto, kwenye vivuli, kwenye mawe yaliyo bapa ambapo mtu mnene angependa kukaa. Hapakuwa na mtu. Alijua kwamba hapana mtu. Hata hivyo alikaa pale kitambo, maji yakipita, kabla hajashika njia.

Alifika kwake jua linaanza kupungua ukali. Hakufungua mlango wake. Alizunguka ua wa minyaa, akaenda kubisha kwa jirani, ndege Kanga mmoja mjane aitwaye Mama Semeni. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na hatua kumi, na tangu matanga hakuna aliyezivuka.

"Hodi."

"Karibu. Kuna nini, Bi Rukia?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kukuambia kwamba nimerudi."

Mama Semeni aliacha kupepeta mtama. "Kwani ulikuwa umeondoka?"

"Tangu alfajiri."

Kanga akauweka ungo chini. Aliutazama ungo wake, akautazama mlango wa jirani yake uliofungwa, ambao alikuwa ameupita mara tatu siku ile akienda kuteka maji.

"Sikujua," alisema.

"Ungejuaje? Sikukuambia. Nawe hukuuliza. Ningekufa huko leo, ungejua lini?"

Mama Semeni aliinuka. Alifuta vumbi kwenye kigoda kwa upindo wa kanga yake, akakisogeza mpaka karibu kabisa na chake.

"Kaa," alisema. "Nianzishie mwanzo. Ulitoka hapa, ukaelekea wapi?"

Bi Rukia akakaa, akaanza kusimulia.

Nami nawaambia ninyi, wanangu: akuulizaye kama uko peke yako, muulize kwanza kwa nini anataka kujua.