Kabati Haliumwi

"Kabati haliumwi." Mmelisikia mkutanoni, mkacheka, sasa mnaniuliza neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka Kiwerere, kwenye bonde la mpunga, mwaka ambao nilikuwa kibarua huko. Lilianza hivi.

Kijiji kilikuwa tayari njiani. Magodoro juu ya baiskeli, kuku wamefungwa miguu, kinamama na sufuria vichwani. Mpunga ukishatoa masuke, Kiwerere nzima huhamia mashambani na kulala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, kufukuza ndege na nguruwe. Zamani mashamba yalikuwa nyuma ya nyumba tu. Mvua zilipoanza kuja zinavyotaka zenyewe, mto ukayala, watu wakaenda kulima ng'ambo, mbali, na kukaa huko miezi. Zahanati haikuhama. Wala kanuni yake: dawa haitoki mlangoni, na hapewi mtu mpaka mgonjwa mwenyewe apimwe.

Basi muuguzi Adelgunda alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, hakuna mgonjwa, alipotokea Gaspari, nguo zimelowa mpaka kifuani.

"Dada, mwanangu Theofrida anachemka. Asubuhi kashikwa na degedege."

"Yuko wapi?"

"Dunguni, na mama yake. Mto umejaa, nimeogopa kumvusha. Nipe dawa nikimbie."

"Siwezi kukupa kwa kubahatisha, kaka. Lazima nimpime."

"Basi twende wote."

Adelgunda akamgeukia Mzee Liugi, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amekaa mlangoni. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la dawa, na msimu ule hakuhama, ili alilinde.

"Dawa haitoki," akasema Mzee Liugi. "Mkaguzi akija akute kabati tupu, atakayeulizwa ni mimi."

"Mzee wangu, hapa kijijini amebaki nani wa kutibiwa?"

"Hilo sijui. Najua kabati langu limejaa. Tangu watu waanze kuhama hakijapungua hata kidonge."

"Kitapunguaje?" Gaspari akasema taratibu. "Kabati haliumwi, mzee. Anayeumwa ni mwanangu."

Mzee Liugi akaupapasa ufunguo mfukoni. Adelgunda akanyoosha mkono.

"Baba, ufunguo. Mkaguzi akija mwambie nimewafuata wagonjwa."

"Nimwambie saa ngapi, na mimi naenda nanyi? Wewe mfupi hivyo, nani atakuvushia sanduku la dawa?"

Akalivusha mwenyewe, kichwani, huku akinung'unika kwamba maji ni ya baridi. Jioni mtoto akapimwa: malaria. Akachomwa sindano. Mama yake hakumtoa mapajani usiku kucha. Alfajiri Theofrida akafumbua macho, akaomba uji, na Gaspari akashuka dunguni kwenda kusimama peke yake kwenye mpunga.

Jua lilipopanda, watu wa madungu mengine walikuwa wamejaa pale chini: mjamzito, mzee wa presha, watoto ambao tarehe zao za chanjo zilipita. Adelgunda hakurudi kijijini mpaka mavuno.

Wilaya ilibishana, kisha ikakubali: msimu wa mpunga, zahanati ya Kiwerere huhama na watu wake.

Theofrida yu hai, ana watoto wawili. Gaspari bado analima. Adelgunda alistaafu, anafuga bata. Mzee Liugi alikufa kwa uzee. Mkaguzi mwaka ule hakuja. Na mtu akitetea kanuni isiyowafikia tena watu wake, Kiwerere humjibu: kabati haliumwi.