Zimwi Lililomtafuta Asiye na Mwenzake

Anayetaka kubisha abishe sasa, maana nikishaanza sitaki mtu anikoholee. Zimwi nimeliona kwa macho yangu haya, makali kuliko yenu nyote.

Wanafunzi saba walikuwa wakitoka shule kupitia shamba la mkonge. Sita walishikana mikono wawili wawili. Wa saba, Mwashumu, mgeni, alifuata nyuma na kitabu chake. Mara zimwi likawakingia njia.

"Leo namla asiye na mwenzake. Ni nani?"

"Yule pale, mke wa kitabu!" wakapiga kelele wale sita.

Mwashumu alifungua kitabu, akasoma kwa sauti habari za mhunzi. Mhunzi akatoka ukurasani, akasimama ubavuni pake. Zimwi likauliza tena. Akasoma, akatoka mkunga na kibuyu chake. Likauliza mara ya tatu. Akasoma, likatoka jeshi zima, njia ikajaa.

"Huyu ana wenzake," zimwi likanguruma, likawageukia wale sita. Loo! Wakaachiana mikono, kila mtu na mbio zake. Mmoja akajikwaa, likamdaka shingo.

"Na wewe, mwenzako nani?"

Mwashumu akaja akamshika mkono.

"Mwenzake ni mimi."

Zimwi likamwachia, likarudi mikongeni na njaa yake.

Haya, kuna kipande nimekiruka. Aliyejikwaa ni mimi. Na ni mimi niliyewakataza wenzangu, tangu siku aliyofika, wasimshike mkono.