Nyamizi Atafuta wa Kumcheka

Kisa kije? Itikieni, kije. Kimekuja, kimechoka safari, kipisheni kikae. Kilitokea zamani, hata mimi nilikuwa na meno, basi jueni ni zamani sana.

Palikuwa na msichana yatima, Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu, akiishi peke yake. Akiitwa, hayupo. Ngoma ikilia, kichwa kinamuuma. Siku alipoumwa kweli, mganga alimgusa tumbo, akasema, "Mwanangu, mavuno utayaona. Mvua za baada yake, sidhani."

Nyamizi akalia mpaka akachoka kulia. Halafu akakumbuka aibu: nani atamwigiza? Maana kwao, wajukuu, maiti haendi kaburini kimya. Mtani humwigiza marehemu, sauti yake na mwendo wake, mpaka wafiwa wacheke. Asiyeigizwa ni kama hakuzaliwa.

Akavuka mto kwa Bi Mwantumu, mtani wa ukoo wao.

"Shikamoo, bibi. Nakufa. Nimekuja kukuomba unicheke."

"Marahaba. Nikucheke nini, nami sikujui? Hebu tembea."

Akatembea.

"Mwendo wa kuku aliyenyeshewa. Lakini huo peke yake hautoshi msiba mzima. Njoo kesho."

Akaja kesho, akaja kesho kutwa, akaja na mtondo. Akaambiwa pika, ugali ukaungua. Akaambiwa imba, mbuzi wakahama kivuli. Watoto wakajaa uani kumtazama. Nyamizi akasema, "Miaka yote nimewaogopa watu, kumbe wa kuogopwa ni mimi nikiimba."

Tumbo lilimuuma vilevile, siwadanganyi. Ila sasa aliamka mapema, kwa kuwa ana watu wa kuwaona.

Siku moja akamshika bibi mkono. "Bibi, mimi sasa sitaki kufa."

Bi Mwantumu alitafuta utani, akaukosa. Wakalia wote wawili.

Mavuno yalipokwisha, Nyamizi akafa. Bi Mwantumu akaitangulia maiti kwa mwendo wa kuku aliyenyeshewa, akiimba wimbo uliohamisha mbuzi. Alipogeuka, akaona watoto wote nyuma yake wanatembea vilevile. Hakuna aliyewafundisha. Watu wakacheka huku wanalia.

Basi, wajukuu, anayekucheka vizuri ni yule anayekujua. Watafuteni watu mkiwa wazima, msimngoje mganga. Nami nawaona mnavyoniigiza nikitafuta fimbo niliyoishika mkononi. Endeleeni, ila mgongo mnaukosea, huinama zaidi ya hapo.

Kisa kimepumzika, kinaaga. Kifungulieni mlango, nami nipeni mkono niinuke.